Shajara ya mradi: kanda za Baba na fainali ya mwaka 1999

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimefungua masanduku. Baba alifariki Januari ya mwaka jana, na kwa mwaka mzima masanduku yake matatu ya mpira wa kikapu yamekaa chini ya ngazi nyumbani kwa Mama, hapa Connecticut, kwa sababu kila aliyekwenda kuyahamisha alirudi na udhuru. Nimehesabu kanda 34 za video, madaftari 6 ya mistari, na bahasha moja ya vipande vya tiketi za Gampel Pavilion, ukumbi wa michezo wa Chuo Kikuu cha Connecticut ulioko Storrs. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1990, miezi michache baada ya Baba kuwasili kutoka Tanga akiwa na sweta moja, na alipenda kusema kwamba yeye na Gampel ni wa rika moja nchini humu.

Mradi wenyewe ni wa kuhamisha kanda zote kwenye kompyuta kabla hazijaoza, na kuyanakili madaftari, ili mimi na kaka yangu tuwe na nakala, na nakala nyingine iende Tanga kwa Baba Mdogo. Nimejiwekea mwisho wa Aprili. Hakuna kitakachowekwa hadharani, kwa kuwa matangazo yale ni mali ya vituo vya televisheni, na haja yangu inaishia ndani ya familia.

Watu wengi wa kwetu wanaifuatilia NBA, lakini Baba hakuwa wa NBA. Yeye alikuwa wa vyuo, na hasa wa mwezi Machi, wakati timu 68 za vyuo huingia kwenye mtoano ambamo ukifungwa mara moja unafunga virago. Alikuwa akisema kwamba huko NBA wanakupa mechi saba za kujirekebisha makosa, na mtu anayepewa nafasi saba huwezi kumjua moyo wake.

Jumapili, 26 Januari

Nimepata deki ya mtumba, nikaisafisha vichwa kwa spiriti, nikaiunganisha na kifaa cha kunasa picha. Kanda 7 zimekamilika.

Kanda ya T-120 hurekodi saa 2 kwa mwendo wa kawaida, lakini ukiiweka deki kwenye mwendo wa polepole kabisa hurekodi saa 6, na Baba, ambaye mche mmoja wa sabuni kwake ulikuwa wa kugawanywa mara tatu, hakurekodi hata siku moja kwa mwendo wa kawaida. Kwa hiyo kila kanda ina mechi mbili au tatu, picha zina ukungu, namba za jezi hazisomeki mchezaji akiwa mbali, na rangi ya buluu ya Huskies, timu ya chuo hicho cha Connecticut, inavuja pembeni ya mwili kama wino kwenye karatasi mbichi. Nahifadhi bila kuipunguzia picha ubora, na kila saa moja inameza takriban gigabaiti 30, hivyo nimelazimika kununua diski nyingine.

Kuna jambo nililolijua kwa akili lakini leo ndiyo limenifika. Deki hunasa mawimbi ya televisheni tu; haisikii chumba. Katika mechi zote hizi Baba alikuwa ameketi mita moja kutoka kwenye kioo, akiongea mfululizo, akiwagombeza waamuzi kwa Kiswahili na kuwasihi vijana wa watu wasirushe mpira ovyo, na hakuna neno lake hata moja lililobaki. Watangazaji wapo. Matangazo ya magari yaliyokwisha kuwa chuma chakavu yapo. Nadhani nilikuwa nimeanza mradi huu kwa kumtafuta yeye, na nilikuwa sijajiambia hivyo. Nimezima deki saa nne asubuhi, na sikuendelea tena siku hiyo.

Jumapili, 9 Februari

Kazi ya madaftari inakwenda vizuri kuliko ya kanda. Baba aliandika matokeo kwa mwandiko wa mwalimu, na kila mechi ina mstari wa maoni. Hakutumia maneno ya Kiingereza pale alipoweza kuyakwepa: mchezaji aliyefanya kosa la kutembea na mpira aliandikwa "katembea", mitupo ya faulo ni "mitupo huru", na kocha Jim Calhoun kila mahali ni "Mzee", kama vile wanajuana.

Daftari la tano ndilo lililochakaa zaidi, nalo ni la miaka ya Hasheem Thabeet. Kijana huyo wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alichezea Huskies kuanzia 2006 hadi 2009, kisha Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa chaguo la pili la mwaka, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Sijui namna ya kumweleza mtu asiyekuwepo jinsi miaka ile mitatu ilivyokuwa nyumbani kwetu. Baba alikuwa ameipenda timu ile kwa miaka 17 bila mtu wa kwao hata mmoja ndani yake, akiwaelezea wenzake kazini kwamba anatoka mahali ambapo mchezo ni soka, halafu siku moja akawasha televisheni, na mtu aliyesimama chini ya kikapu ana jina ambalo yeye peke yake mtaani alijua maana yake. Watangazaji walikuwa wakivuta silabi ya mwisho, na kila mara Baba aliisahihisha televisheni: "Thabiti, bwana. Thabiti!"

Ukurasa wa tarehe 31 Januari 2009, mechi dhidi ya Providence, una mistari midogo kumi iliyochorwa pembeni kama ya mtu anayehesabu magunia. Ni mipira kumi ambayo Thabeet aliizuia siku hiyo, pamoja na pointi 15 na ribaundi 11. Maoni ya Baba ni haya: "Mlango umefungwa, funguo ziko Dar."

Ukurasa wa 12 Machi 2009 umeharibika kwa sababu nyingine. Baba alikuwa akichora safu za nusu ya kwanza, nusu ya pili na muda mmoja wa nyongeza, na usiku ule, pale Madison Square Garden, New York, Huskies na Syracuse walitoka 71-71, wakaingia kwenye muda wa nyongeza mara sita. Safu zilimwishia. Ya pili aliichora ukingoni, ya tatu juu ya tarehe, na zilizobaki nyuma ya karatasi. Syracuse hawakutangulia hata mara moja katika nyongeza tano za mwanzo, kisha wakashinda ya sita, 127 kwa 117. Chini ameandika "saa 7:22 usiku", na baada ya hapo hakuna maoni, jambo ambalo sijaliona kwenye ukurasa mwingine wowote.

Jumamosi, 22 Februari

Mradi umebadilika, na nayaandika mabadiliko yenyewe kwa ukamilifu.

Nilimpigia Baba Mdogo kumjulisha kwamba nakala za video ziko njiani. Baada ya shikamoo na habari za kila mtu wa Ngamiani, akaniuliza video za nini. Nikamwambia, za mechi za Baba, alizokuwa akizirekodi.

"Mimi hizo sikuwahi kuziona, mwanangu. Mimi nilikuwa nazisikia."

Ilinibidi nimwombe aanze mwanzo. Mwaka 1990 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vituo vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo tangu mwezi ule wa Machi, Baba alikuwa akirekodi kaseti za sauti kwa redio kaseti yake na kuzituma kwa mtu anayekwenda nyumbani au kwa posta, na kati ya salamu na maagizo ya shamba alimsimulia mdogo wake mechi. Televisheni ilipofika Tanga na Baba Mdogo akapata deki, Baba alimtumia kanda moja ya video kwa furaha kubwa. Haikuonekana kitu. Marekani walitumia mfumo wa NTSC na Tanzania mfumo wa PAL, na kanda ya mfumo mmoja haichezi vizuri kwenye deki ya mfumo mwingine, kwa hiyo Baba Mdogo na majirani walikaa mbele ya picha nyeusi na nyeupe iliyokuwa ikipanda juu bila kukoma kama maji ya kisima cha mashine. Wakarudi kwenye kaseti.

"Nikakuta ni afadhali," Baba Mdogo alisema. "Baba yako akisimulia, unaona."

Nilimuuliza, kwa tahadhari, kama kuna iliyobaki. Akasema ziko kabatini, chini ya jezi za Coastal Union.

Jumamosi, 8 Machi

Mdogo wangu, mtoto wa Baba Mdogo, alipata mtu anayesafiri, na kaseti zimefika wiki hii ya kwanza ya Ramadhani zikiwa zimefungwa kwenye khanga. Ni 11. Hewa ya pwani haikuzihurumia: tano zina ukungu mweupe kingoni mwa utepe, na mbili hazizunguki kabisa. Juu ya karatasi zake Baba Mdogo ameandika mada kwa kalamu ya risasi. Ya zamani kuliko zote inasema "Clemson, kutupa kwa mwisho, 1990". Nyingine mbili zimefungwa pamoja kwa rababendi nazo zimeandikwa "FAINALI 1999", kwa herufi kubwa, yaani fainali ya ule mtoano wa vyuo.

Nimezipanga mezani na sijacheza hata moja. Utepe wenye ukungu ukiupitisha kwenye mashine kabla ya kuusafisha, unachafua vichwa na kuambukiza kaseti inayofuata.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzima ya bisibisi. Kaseti zenye skrubu hufunguka bila shida, lakini za bei rahisi zimegundishwa kwa gundi, na hizo hupasuliwa kwa wembe kwenye mshono, kisha utepe wote huhamishiwa kwenye ganda jipya. Ndani ya ganda, nyuma ya utepe, kuna kipande kidogo cha sponji juu ya chuma chembamba kama utepe wa saa, ambacho kazi yake ni kuusukuma utepe uguse kichwa. Kwenye fainali namba 1 kipande hicho kilikuwa kimebanduka na kulala pembeni, kikiwa kimekauka mithili ya punje ya mchele. Bila hicho sauti inasikika kama inatoka chini ya blanketi. Kuhamisha kulinichukua dakika 50, kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka, nusu kwa saumu na nusu kwa hofu.

Kaseti ya Clemson ilikatika mara moja, nami nikaiunga. Zimepotea kama sekunde mbili. Iliyobaki ni nzima. Ni Baba wa miaka 26, mwenye sauti nyembamba kuliko niliyoijua, akimweleza mdogo wake kwamba imebaki sekunde moja, timu iko nyuma kwa pointi moja, na kijana mmoja aitwaye Burrell anarusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, "ni kama kutoka barabara ya kumi hadi ya kumi na mbili", mwenzake Tate George anaudaka, anageuka, anatupa. Huskies 71, Clemson 70. Kisha, kwa haki, anaongeza kwamba siku mbili baadaye Duke waliwafunga wao kwa mtindo huohuo, 79 kwa 78, na kwamba yeye hatalisahau hilo. Hakulisahau. Nimekua nikijua kuwa Duke ni deni.

Jumapili, 23 Machi

Leo hakuna kazi ya kaseti. Huskies wamefungwa na Florida, 77 kwa 75, baada ya kushinda mechi 13 mfululizo za mashindano haya tangu 2023. Niliangalia na Mama. Taji la 2023 Baba aliliona. La Aprili 2024, dhidi ya Purdue, hakuliona, na usiku ule hakuna hata mmoja wetu aliyejua la kufanya na furaha yenyewe. Mama alizima televisheni leo kabla ya mahojiano, akasema kocha angeomba muda mapema, na alilisema kwa lafudhi ya Baba kabisa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimezisikiliza kaseti za fainali kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kinyume na nilivyotarajia, si masimulizi ya baadaye. Baba alikuwa akitangaza papo hapo, usiku wa Jumatatu, 29 Machi 1999, televisheni ikiwa imepunguzwa sauti na redio kaseti ikiwa juu ya goti lake. Anaanza kwa bismillahi na Idi mubarak, maana ilikuwa wiki ya Idi Kubwa, halafu anasema: "Hapa ni saa tatu na ushee usiku, huko kwenu muadhini wa alfajiri anaadhini, nawe hujui kwamba leo tunacheza na Duke."

Nina mechi hiyohiyo kwenye kanda ya video namba 19. Kwa hiyo kazi ya wiki hizi ni kuviunganisha viwili hivi, picha ya kule na sauti ya huku, jambo ambalo si rahisi kama linavyosikika. Utepe wa kaseti unapaswa kwenda kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini redio ile haikuwa na nidhamu hiyo, na nikiziacha zicheze pamoja, baada ya nusu saa sauti ya Baba inamtangazia Hamilton wa Huskies kikapu ambacho hajakifunga bado. Aidha, ili asimalize utepe, Baba alikuwa akisimamisha kurekodi kila matangazo ya biashara yalipoingia, kwa hiyo sauti imekatwa vipande 41, kila kimoja kikianza na mlio wa kitufe. Nimetumia honi ya meza ya waamuzi kama nanga: inasikika kwa mbali nyuma ya sauti yake, na kwenye video iko wazi. Kila kipande nakipimia honi mbili, kisha nakivuta au kukibana ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, hadi zikutane. Vipande 30 vimekaa sawa.

Kuhusu utangazaji wenyewe, nitasema kama msikilizaji asiye na upendeleo, kadiri ninavyoweza: ni mzuri. Ameuchukua mwendo wa watangazaji wa soka wa Radio Tanzania, ule wa kupanda ngazi na kusimama juu, akauweka kwenye mchezo ambao haukuumbiwa hivyo. Hamtaji mchezaji bila kusema yuko wapi: kulia mwa kikapu, kushoto, mgongo kwa mgongo na Brand wa Duke. Richard Hamilton, aliyemaliza na pointi 27, anaelezwa kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba ya wageni. Ricky Moore, aliyepewa kazi ya kumlinda Trajan Langdon wa Duke, ni "kupe". Wakati wa mapumziko Duke wanaongoza 39 kwa 37, na Baba anatumia dakika nne nzima za utepe wa thamani kueleza kwa nini pointi mbili si kitu kwa timu iliyofungwa mara moja tu msimu mzima na haijazoea kuwa na wasiwasi. Hapo ninamwona mwalimu aliyekuwa ndani yake.

Jumatatu, 7 Aprili

Jana wanawake wa Huskies walitwaa taji lao la 12, 82 kwa 59, dhidi ya South Carolina. Nimeandika matokeo kwenye daftari la sita, ambalo lilikuwa na kurasa tupu. Mwandiko wangu ni mbaya ukiwa karibu na wake.

Vipande vyote 41 vimekaa. Kipande cha mwisho nimekipitia zaidi ya mara kumi, na nitakinakili hapa kwa ajili ya kumbukumbu. Ni 75 kwa 74, Huskies wako mbele, mpira uko kwa Langdon, na Baba ameshuka sauti hadi karibu na mnong'ono: "Langdon yuko na kupe. Anakwenda kulia. Kupe yupo. Anarudi. Kupe yupo. Anageuka... katembea! Katembea! Wallahi katembea!" Zimebaki sekunde 5 na kidogo. Khalid El-Amin wa Huskies anakwenda kwenye mitupo huru, naye anaifunga yote miwili, 77 kwa 74, na Langdon anaondoka tena na mpira, anajikwaa, anaanguka nao ukiwa umemponyoka. Kwenye video uwanja unalipuka. Kwenye kaseti Baba amenyamaza, kimya cha sekunde 11 kwa hesabu ya kompyuta, halafu inasikika sauti ya mtoto kutoka ngazini ikiuliza kuna nini. Ni mimi, nina miaka 7, na kesho yake nilikuwa na shule. Baba anajibu, "Njoo uone, mama," na kitufe kinabonyezwa.

Simkumbuki akiniita. Nakumbuka tu zulia, na kwamba nilibebwa.

Jumamosi, 19 Aprili

Onyesho la kwanza. Hapa saa nane mchana, Tanga saa tatu usiku. Mdogo wangu aliliweka faili kwenye televisheni ya sebuleni na kuielekeza simu kwa Baba Mdogo ili nimwone anavyotazama. Alikuwa amevaa kofia na kanzu kama mtu anayekwenda kwenye shughuli.

Alinieleza kwamba Baba alikataa katakata kumwambia matokeo kwa simu mwaka ule, na kwamba alingoja kaseti wiki tatu akiwa hajui nani bingwa. Baada ya hapo aliirudia mara nyingi mno, na nililithibitisha hilo leo, kwa sababu alikuwa akiyasema maneno ya Baba pamoja naye, mara nyingine akimtangulia kidogo. Kwenye "kupe yupo" ya pili wote wawili walivuta pumzi mahali pamoja. Dosari nilizoziona: kipande cha 17 bado kimechelewa kama nusu sekunde, na sauti ya upande wa pili wa kaseti namba 1 iko chini. Nitazirekebisha wiki ijayo, kabla ya kutuma diski.

Tulipofika kwenye mitupo huru ya mwisho, Baba Mdogo aliinua mkono.

"Simamisha hapo. Huyu ndiye El-Amin?"

"Ndiye, Baba Mdogo."

"Huyu mfupi?"

Nikamwambia kwamba ndiye, na kwamba kwa mchezo ule alikuwa mfupi kweli, tena mwenye mwili.

"Mwanangu, miaka ishirini na sita nimemweka kichwani mrefu kama mnazi, na ndevu nimempa." Alisogea karibu na kioo mpaka simu ikabaki inaonyesha kisogo chake. "Baba yako hakusema kama ni mfupi."

Nilikuwa na nakala ya maandishi mbele yangu, nikatafuta. El-Amin ametajwa mara 63, pamoja na upande aliposimama, mkono alioutumia, na mara moja hata jasho lake. Kimo hakimo.

"Rudisha nyuma," Baba Mdogo alisema, akivuta kiti. "Kaanzie mwanzo kabisa, nimwone vizuri."